Mkubwa Akitoka, Nani Anabakia na Kazi?

Wengi wenu munamujua mzee wa namna hii, hata kama jina lake si moja.

Wetu sisi alikuwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Miaka zaidi ya 20 alikuwa shefu wa pompi katika kompanyi moja ya huku. Ni zile pompi zinazotosha maji chini ya shimo, watu wapate kuchimba bila kuzama. Katika mfuko wa shati lake kulikuwa kila siku kaye moja ndogo, imefungwa na kamba. Mule ndani aliandika yote: vani gani inafunguliwa mbele, pompi gani inakataa wakati wa masika, sauti gani inamaanisha kwamba rulema inakufa. Hakumwonyesha mtu ile kaye. Vijana wa ekipi wakiuliza, aliwajibu: "Angalieni tu, mutajua." Siku moja baba yangu alimwuliza sababu gani anaficha. Akasema bila haya:

"Nikibaonyesha yote, kesho batanirudisha ku nyumba. Hii kaye njo mukate ya batoto yangu."

Mwisho miaka ya retreti ilifika. Wakampa baiskeli na karatasi ya kumshukuru, akarudi nyumbani. Juma la pili, katikati ya usiku, motokari ya kompanyi ilisimama mbele ya mlango wake. Maji yamepanda, pompi mbili zimesimama, hakuna anayejua. Mzee akavaa kofia yake, akaenda. Motokari ile ilikuja mara tatu mbele ya mwezi kuisha. Sisi watoto wa barabara tulisema: huyu mzee ni mtu wa maana kabisa! Lakini bibi yake hakufurahi hata kidogo. Asubuhi ya mara ya tatu alimwuliza mbele ya watu: "Baba, na siku batakuya na we ulishakufa?"

Swali la yule mama linahusu pompi, lakini linahusu pia kiti cha direkteri jenerali. Ni neno lile lile. Kompanyi kubwa nyingi za dunia zilianguka ao zilitetemeka kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema. Na kompanyi ikitetemeka, sisi wa kampi ndio tunaosikia wa kwanza: salere inachelewa, dawa inakosa hospitali, masomo yanafungwa.

Ndege imeanguka

Kuna kompanyi ya Marekani inayoitwa General Electric. Ilianzishwa mwaka 1892, ikatengeneza taa, mashini za umeme, mota za ndege, vyombo vya hospitali. Katika miaka ya 1970 mkubwa wake alikuwa Reginald Jones, mtu mpole, mjuzi wa hesabu. Huyu hakungoja azeeke ndipo atafute wa kumfuata. Miaka mingi mbele ya kutoka, aliomba majina. Kisha wale waliobakia kwenye orodha aliwaweka kwenye kazi kubwa ambazo hawakuzizoea, apate kuwaona vizuri.

Mwisho wa miaka ya 1970 akaanza kuwaita mmoja mmoja katika biro yake, akafunga mlango na kuuliza: tuseme mimi na wewe tuko ndani ya ndege ya kompanyi, ndege imeanguka, tumekufa wote wawili. Nani awe mkubwa? Wengine walijaribu kutoka wazima katika ile ndege! Walisema, labda mimi nitapona. Jones akakataa: hapana, umekufa, niambie nani. Nyuma ya miezi akawaita tena, na safari hii alibadilisha: ndege imeanguka, mimi nimekufa lakini wewe umepona. Nani awe mkubwa?

Angalieni akili ya swali hili. La kwanza linamlazimisha mtu kusema mema ya mwenzake anayeshindana naye. La pili linaonyesha nani anajitaja mwenyewe, na anataka kufanya nini. Kwa kuwasikiliza wote, Jones alijua nani anaheshimiwa na wenzake, nani hawezi kufanya kazi na nani. Mimi naona swali hili linaweza kuulizwa hata katika ekipi ya watu kumi chini ya shimo. Linaweza kuulizwa hata mezani, nyumbani kwetu. Mukijaribu mutaona ginsi watu wanavyonyamaza.

Aliyechaguliwa ni Jack Welch, engenieri wa kemia, baba yake alikuwa kontrolere wa treni. Alianza kazi ya mkubwa mwezi wa 4 mwaka 1981, miaka 45. Ninapenda kuwaambia vijana habari ya nyuma yake kidogo. Mwaka 1963, Welch akiwa kijana wa kazi katika mji wa Pittsfield, kiwanda kidogo cha majaribio alichosimamia kililipuka. Paa likatoka kabisa. Alikwenda kujieleza kwa mkubwa mmoja mbali, moyo ukidunda, akijua amefukuzwa. Yule mkubwa, Charles Reed, naye alikuwa mjuzi wa kemia. Hakupiga kelele. Alimwuliza imelipuka kwa sababu gani, na amejifunza nini, na kama kazi ile iendelee ao isimamishwe. Basi hivyo tu. Kama siku ile Reed angetafuta mtu wa kuazibu, General Electric ingekosa yule aliyeiongoza miaka 20.

Ni wangapi kwetu walifungiwa njia kwa kosa moja la miaka 25?

Kufundisha mkubwa si kumtuma tu kwenye masomo

General Electric ilikuwa na masomo yake, ni kweli. Tangu 1956 ilifungua chuo mahali panapoitwa Crotonville, karibu na mto Hudson, jimbo la New York, ili kufundisha wakubwa wake. Welch mwenyewe alikwenda kule mara kwa mara kusimama mbele ya ubao na kujibu maulizo, hata yale machungu. Na kila mwaka wakubwa walikaa siku nzima-nzima wakifungua dosie za watu: huyu anaweza nini, anakosa nini, kazi gani apewe mwaka ujao, na akitoka nani yuko tayari mahali pake.

Lakini watafiti wa Center for Creative Leadership, hukohuko Marekani, katika miaka ya 1980 waliuliza wakubwa wa kompanyi namna gani walijifunza uongozi. Wengi hawakutaja darasa. Walitaja kazi nzito waliyopewa mbele ya kuwa tayari kabisa, walitaja makosa yao, walitaja shefu fulani, mwema ao mbaya. Hata shefu mbaya anafundisha! Ndiyo maana kompanyi zenye akili zinahamisha mtu: miaka mitatu karieri, miwili kwenye hesabu, kisha kwenye mambo ya watumishi. Aliyekaa pahali pamoja miaka 25 anajua pahali pamoja.

Tena kwa kila kiti kikubwa wanaandika majina zaidi ya moja. Wa kwanza anaweza kuingia kesho, kama ndege imeanguka leo. Wa pili bado miaka miwili ao mitatu. Wa tatu ni kijana, bado wanamwangalia. Orodha hii inabadilishwa kila mwaka, kwani watu wanabadilika: mmoja anachoka, mwingine anaamka.

Sitaki muone General Electric kama paradiso. Welch aliagiza kila shefu aonyeshe kila mwaka watu 10 kwa 100 walio nyuma ya wengine, na hao mara nyingi waliondoshwa kazini. Maelfu na maelfu walipoteza mkate. Mimi sipendi njia hiyo. Inafanya mtu amfiche mwenzake kaye, sawasawa na mzee wetu wa pompi.

Tena mwisho wa habari yake si mzuri. Kutoka 1994 Welch alitafuta wa kumfuata. Wakabakia watatu: Jeffrey Immelt, James McNerney, Robert Nardelli, kila mmoja anaongoza tawi lake katika mji wake. Mwezi wa 11 mwaka 2000 Immelt akachaguliwa. Welch alipanda ndege kwenda kuwaambia wale wawili yeye mwenyewe, uso kwa uso, na kwa hiyo tumsifu. Lakini siku chache tu, wote wawili waliajiriwa kwingine, McNerney kuongoza 3M, Nardelli kuongoza Home Depot. Kuwashindanisha watu mbele ya macho ya wote kuna bei yake: unachagua mmoja, unapoteza wawili.

Immelt aliketi kitini siku ya 7 mwezi wa 9 mwaka 2001. Siku nne nyuma yake, majumba ya New York yakaanguka. Na kompanyi aliyoachiwa ilikuwa imeegemea sana biashara ya feza na mikopo. Dunia ilipoyumba mwaka 2008, tawi lile la mikopo karibu livute kompanyi yote ndani ya shimo. Mwaka 2017 Immelt akatoka. John Flannery akaingia, hakufikisha mwaka moja na nusu. Mwezi wa 10 mwaka 2018 wakaweka Lawrence Culp, mtu wa kutoka inje, jambo ambalo kompanyi ile haikulizoea. Mwaka 2024 kompanyi ile ya Jones na Welch ilimaliza kugawanyika vipande vitatu. Inaonekana walichagua kwa akili sana mtu wa kuendeleza jana, na kesho ikaja na sura ingine.

Na huku kwetu?

Sasa turudi Katanga. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Tangu miaka ya 1920 iliona haina faida kubadilisha watu kila miezi sita, basi ikawakalisha: nyumba, posho, hospitali, masomo ya watoto. Wakambo wetu walijifunza kushona, kuchomea vyuma, kuendesha mashini, kusoma na kuandika. Kuhusu kufundisha mikono, wachache katika Afrika waliifikia. Lakini ngazi ilikuwa na mwisho. Mwafrika alipanda mpaka kapita, mpaka karani, nyuma zaidi mpaka shefu wa kazi ndogo, kisha paa. Juu ya paa waliketi Wabeleji na Wazungu wengine. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Uhuru ulipofika 30 Juni 1960, wenye diplome ya chuo kikuu katika Kongo nzima hawakufika 30.

Musomaji, fikiri hesabu hii. Kompanyi ya miaka zaidi ya 50, maelfu ya watumishi, na hakuna mmoja mweusi aliyetayarishwa kwa kiti cha juu. Hawakusahau. Walikata shauri hivyo.

Ndiyo sababu, serikali ilipokamata mali ya Union Minière siku ya 1 Januari 1967, shida ilionekana palepale. Kompanyi mpya ilipewa jina Gécomin, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Kiti kilikuwa chetu, lakini watu wa kujua mashimo, elektrolizi na uuzaji wa shaba karibu wote walikuwa Wazungu, na walikuwa wanafunga mizigo. Mwaka uleule ilibidi kufanya mapatano na Société Générale des Minerais, ndugu wa Union Minière kutoka Ubeleji, iendeshe kazi ya ufundi na uuzaji. Mali imerudi nyumbani, lakini kaye ingali katika mfuko wa mwingine!

Nyuma ya pale kazi nzuri ilifanyika, na si vema kuisahau. Maengenieri wetu walisoma Lubumbashi, wengine Ulaya, wakaingia karieri, wakafundishwa na waliowatangulia, wakapanda. Katika miaka ya 1980 viti vingi vilikuwa vyao, na Gécamines ilitosha tone zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Wale wanaosema Mwafrika hawezi, wasome hesabu za miaka ile.

Kisha ikavunjika, na wote tunajua. Feza ilitoka bila kurudi kutengeneza mashini. Mgodi wa Kamoto ulianguka mwaka 1990. Mwaka 1992 na 1993 jamaa za watu wa Kasai zilifukuzwa Katanga, wakakaa ku gare, wakafa njiani, na pamoja nao wakaenda makadre, walimu na mafundi ambao kuwatayarisha kulichukua miaka 20. Nayasema haya pole pole, kwani katika parokia zetu kuna waliofukuzwa na kuna waliopiga kelele wafukuzwe. Mwaka 1994 shaba ilikuwa karibu tone 30,000. Kiti cha mkubwa nacho kikawa cha wanasiasa: mwisho wa 1998 akapewa mfanyabiashara wa Zimbabwe, Billy Rautenbach, naye mwaka 2000 akaondolewa. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 walitiwa karatasi ya kuondoka kwa mapenzi yao, na sisi tunajua mapenzi yale yalikuwa ya namna gani. Ekipi nzima zikatoka na kaye zao.

Katika hayo yote, ni nani aliyeuliza swali la ndege?

Binti wa mtumishi wa kiwanda

Ninajua kijana mmoja anasoma hapa na anasema: "Yaya, hayo ni mambo ya bakubwa. Mimi niko mutoto ya mutumishi." Basi sikiliza hii.

Katika kompanyi ya motokari General Motors kulikuwa fundi wa vyuma, Ray Makela, aliyefanya kazi miaka 39 katika kiwanda cha Pontiac. Binti yake Mary alizaliwa mwaka 1961. Akiwa na miaka 18, mwaka 1980, aliingia kompanyi ileile kama mwanafunzi-mtumishi: miezi fulani kazini, miezi fulani masomoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima vipande vya bodi ya motokari, kama vimekaa sawa. Feza ile ilimlipia masomo ya uengenieri wa umeme, akamaliza mwaka 1985. Kompanyi ikamwona. Ikamlipia masomo makubwa zaidi kwenye chuo cha Stanford, akamaliza mwaka 1990. Kisha ikamweka karibu na mkubwa wa wote, Jack Smith, kama msaidizi wake, apate kuona namna gani mambo mazito yanaamuliwa. Kisha ikamtosha biro na kumtuma aongoze kiwanda cha Detroit-Hamtramck, penye kelele na mafuta. Mwaka 2009, kompanyi ilipofilisika na kuamka tena, alipewa kuongoza mambo ya watumishi wote. Mwaka 2011, utengenezaji wa motokari mpya.

Siku ya 15 Januari 2014 Mary Barra, hilo ndilo jina la ndoa yake, aliketi kiti cha mkubwa wa General Motors. Hakuna mwanamke aliyeongoza kompanyi kubwa ya motokari mbele yake. Na hakupata raha hata mwezi moja: ilijulikana kwamba kipande cha kuwashia mota kwenye motokari za zamani kilikuwa kibaya, na watu walikuwa wamekufa, na wengine ndani ya kompanyi walijua miaka mingi wakanyamaza. Alisimama mbele ya wabunge wa Marekani kujibu. Ile miaka 33 ya kutembezwa kutoka kazi hii mpaka kazi hii ndiyo aliyosimamia siku ile.

Mama za kampi, angalieni vizuri: ni binti, tena wa fundi. Kwetu mara ngapi feza ya masomo ikipungua, binti anabakia nyumbani na kaka yake anaendelea?

Leo kompanyi za kigeni zimejaa tena Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi. Vijana wetu wanapata kazi, wengine na diplome nzuri. Wakati wa kuandikwa, wengi wanauliza swali moja tu, salere ni ngapi. Ulizeni na haya: mtu wa hapa aliyeingia miaka kumi iliyopita, leo yuko wapi? Nani atanifundisha, na nitahamishwa kazi gani nyuma ya hii? Yule mgeni anayeongoza kiwanda, mkataba wake ukiisha, jina la nani limeandikwa? Kama hawawezi kujibu, hamukosi kazi kwa kuuliza kwa heshima. Na wazee munaokaribia retreti, musingoje motokari ya usiku.

Jirani yetu hakutaka kabisa. Bibi yake ndiye aliyefanya. Alinunua kaye mpya ku soko, kubwa, akaiweka mezani pamoja na biki, akamwita kijana wa ekipi, yule aliyekuja kumbisha hodi mara zote tatu. Kila siku ya posho, saa kumi ya mchana, kijana alikuja na kuandika, mzee akisema huku akikunja uso. Ilichukua miezi minne. Ukurasa wa pompi ya tano aliurudia mara mbili, sababu mzee mwenyewe alikuwa ameanza kusahau.